Je, wajua kwa nini panya wa maabara huona baridi pale wewe unapovua koti?

Asubuhi ya mwezi wa saba hapa Dodoma, dereva wa bodaboda huwa amevaa koti zito, kofia ya sufu chini ya helmeti, na akisubiri abiria anapuliza viganja. Upepo wa huku hauna adabu. Ikifika saa sita mchana, koti limefungwa kiunoni. Joto likiwa nyuzi 22, wote tunasema leo hali ya hewa safi.

Kwa panya wa maabara, nyuzi 22 ni baridi. Vyumba vingi vya panya wa utafiti huwekwa kati ya nyuzi 20 na 22, kiwango kinachomfaa mhudumu aliyevaa koti na glavu. Panya mwenyewe hustarehe karibu na nyuzi 30, yaani mchana wetu wa Oktoba. Mwili wake ni mdogo, joto humtoroka upesi. Kikombe cha kahawa ya mtaani hupoa wakati birika bado linafuka. Basi sehemu kubwa ya anachokula inaishia kumpa joto tu.

Jiko lake ni mafuta ya kahawia. Mafuta meupe, yale ya kitambi, ni ghala. Haya ya kahawia yamejaa mitokondria, yaani vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, zenye madini ya chuma, ndiyo asili ya rangi yake, pamoja na protini iitwayo UCP1 inayoifanya nishati itoke kama joto. Mtoto mchanga anayo kati ya mabega, kwa kuwa bado hajui kutetemeka sawasawa. Watu wazima walidhaniwa karibu hawana, mpaka mwaka 2009 picha za PET, yaani picha za hospitali zinazoonyesha sehemu za mwili zinazotumia sukari nyingi, zilipoyaonyesha shingoni na juu ya mtulinga, yakiwaka zaidi mtu akikaa kwenye baridi.

Mwaka huohuo watafiti wa Stockholm walichapisha jambo lililonifurahisha sana. Panya walioondolewa UCP1 walitarajiwa kunenepa, maana jiko limezimwa. Kwenye chumba cha kawaida hawakunenepa. Walipohamishiwa kwenye nyuzi 30 hivi, wakanenepa, hata kwa chakula cha kila siku. Baridi ilikuwa imelificha jibu: asiye na jiko alilazimika kutafuta joto kwa njia za gharama zaidi. Kwa hiyo ukisoma kwamba dawa fulani imekondesha panya, uliza kwanza chumba kilikuwa na nyuzi ngapi.

Na binadamu? Mwaka 2014, huko Marekani, yalitoka matokeo ya wanaume watano waliolala miezi kadhaa kwenye vyumba vya joto lililopangwa. Baada ya mwezi wa nyuzi 19, mafuta yao ya kahawia yaliongezeka na insulini, homoni inayoratibu sukari mwilini, ikafanya kazi vizuri zaidi. Mwezi wa nyuzi 27 ukayarudisha chini. Kitambi, hata hivyo, hakikuyeyuka.

Jirani yangu ameniuliza kama kipupwe cha Dodoma basi kitampunguza mwili. Nikamwambia baridi huleta njaa pia, na ugali wa uwele kwa mlenda jioni ya Julai hauliwi kidogo. Isitoshe, wale wanaume watano walilala na shuka tu. Yeye ana mablanketi mawili, na dirisha amelizibia kwa kanga.