Muvi ya mapigano siyo drama iliyoharibika

DHANA: Muvi nzuri inajulikana tu, hadithi nzito na maigizo ya kutoa watu machozi.

UKWELI: Hiyo ni drama nzuri. Muvi ya kutisha kazi yake ni kukutisha, komedi ikuchekeshe, ya mapigano ikukalishe roho juu. Mchambuzi wa Marekani Roger Ebert alishaliweka hili wazi mwaka 2004, kwamba mtu akimuuliza rafiki yake kama Hellboy, muvi ya shujaa wa vitabu vya katuni, ni kali hataki kujua kama imeifikia Mystic River ambayo ni drama nzito, anataka kujua kama inaizidi The Punisher, ya vitabu vya katuni mwenzake, na nyota zake za kupima muvi alikuwa anazigawa kwa mtindo huo huo.

DHANA: Basi kama ni burudani tu, acheni kukosoa, zima akili uangalie.

UKWELI: Hii ndo inaniudhi kuliko zote, na mara nyingi inatoka kwa mashabiki wenyewe. Kipimo tofauti siyo kipimo cha chini jamani. Chukua Mad Max: Fury Road ya 2015, hadithi yake unaimaliza kwa pumzi moja, wanakimbia jangwani halafu wanageuza wanarudi walikotoka, na steringi mwenyewe haongei sana. Ukiipima kama drama unaweza kusema haina kitu. Sasa angalia kazi iliyofanyika: karibu kila shoti kitu cha kutazama kimewekwa katikati ya fremu, kwa hiyo picha zikibadilishwa haraka haraka jicho lako halihangaiki kutafuta nani yuko wapi, na mhariri Margaret Sixel alikabidhiwa zaidi ya saa 480 za picha azipunguze hadi saa mbili. Alibeba Oscar ya uhariri, na muvi yenyewe ikaondoka na 6.

Halafu kuna zile sini za ngumi tunazozijua wote, kamera inatikisika, picha inakatwa kila nusu sekunde, mtu anarusha teke huoni limemfikia nani, ghafla adui yuko chini. Hiyo ni mbovu kwa sheria za muvi za mapigano zenyewe, wala huhitaji kuleta habari za drama ili uiseme.

DHANA: Drama ina 95% kwenye Rotten Tomatoes, mtandao unaokusanya maoni ya wachambuzi, na ya mazombi ina 80%, kwa hiyo mjadala umeisha.

UKWELI: Ile asilimia siyo maksi. Ni wachambuzi wangapi wameipenda kati ya wote walioandika, basi. Muvi ambayo kila mtu kaiona ya kawaida tu, sita kwa kumi, inaweza kupata 100%, na iliyowagawa watu, nusu wanaiabudu nusu wanaichukia, ikaishia 50%. CinemaScore nayo, kampuni inayokusanya alama za watazamaji kuanzia A hadi F, inauliza wa siku ya kwanza kabisa, na hapo muvi za kutisha huwa zinaumia: Hereditary ya 2018 ilisifiwa sana na wachambuzi lakini watazamaji wakaipa D+. Mtu katoka ukumbini amevurugika, unategemea akupe A?

DHANA: Hizi muvi za burudani hazipewi Oscar, ushahidi kwamba ni za kiwango cha chini.

UKWELI: Zinapewa, ila kwa kubaniwa. The Return of the King, ya fantasia, iliteuliwa vipengele 11 ikachukua vyote 11, Get Out, ya kutisha, ilishinda uandishi. Ila The Dark Knight, ya Batman, ilipoachwa nje ya filamu bora kelele zikawa nyingi, na mwaka huo huo wa 2009 Academy, wanaotoa Oscar, wakatangaza kuongeza wateule kutoka 5 hadi 10. Agosti 2018 wakaja na wazo la tuzo ya peke yake kwa filamu pendwa, wakapigwa madongo kila upande, Septemba hiyo hiyo wakaliweka kando. Sawa tu, maana ilikuwa njia ya kuwaambia mashabiki chukueni hiki msitusumbue.

DHANA: Drama haina fomula, muvi za kibiashara ndo zina fomula.

UKWELI: Wee! Mtoto anarudi nyumbani baada ya miaka kibao kwa sababu ya msiba, hasemeshani na baba, siri inatoka mezani wakati wa kula, mtu anapiga kelele, mlango unabamizwa, kesho yake wanakaa nje kimya na piano inalia taratibu. Umeshaiona mara ngapi hiyo? Lakini ikitoka nyingine mwezi ujao itaitwa ya kina, na hakuna atakayesema ni ile ile.