Anasa ilikuwa kwenye injini: gari la umeme la Kichina likitazamwa kutoka gereji ya Uyole

Wiki iliyopita mzee mmoja anayenunua maparachichi Rungwe aliniletea gari lake la Ulaya likiwa limelala upande mmoja kama ng'ombe aliyegoma. Shokapu ya hewa ya nyuma kulia imepasuka, na kompresa iliyohangaika kuijaza usiku kucha nayo imeungua. Spea inatoka Dar kama ipo, na kama haipo inaagizwa Dubai. Nilipomtajia gharama alikaa juu ya tairi kuukuu, akatoa simu, akanionyesha picha ya gari jeupe la umeme.

"Fundi, kijana wangu yuko Guangzhou. Anasema hili lina kila kitu kilichomo kwenye langu, na bei yake haifiki nusu. Wananidanganya?"

"Hawakudanganyi, mzee wangu. Ila kuna mambo hawajakwambia."

Tuliongea mpaka saa moja jioni, baridi ya Uyole ikaanza kutukumbusha makoti. Mengi ya yale niliyomweleza ndiyo ninayoyaandika hapa, maana swali lake nimeulizwa sana mwaka huu.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Nilianzia kwenye kusuka stata na alternata, sasa hivi siku nyingi nashinda na kompyuta nasoma kodi, yaani namba za hitilafu za gari. Gari la kifahari nalijua kwa ubaya wake, kwa sababu linakuja kwangu likiwa limeharibika. Lakini naelewa vizuri kwa nini watu wa huku kwetu walikuwa tayari kulilipia.

Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa kila silinda inavuta hewa pungufu. Gari lenye nguvu farasi 100 pale Kurasini, Dar, karibu na bahari, likifika Uyole limebaki na kama 83, na hapo bado hujaanza kupanda kwenda Isongole. Ndiyo maana dereva wa gari dogo huku anazima kiyoyozi akiona mlima mbele. Gari la kifahari lilikuwa ni lile linalopanda bila kuhema: silinda sita, tabo mbili, gia nane zinazobadilika usisikie, na ndani mnaongea kwa sauti ya chumbani.

Kutengeneza kitu cha namna hiyo si mchezo. Tangu Carl Benz asajili gari lake mwaka 1886, Wajerumani wamekuwa wakihangaika na jambo lile lile: namna ya kuifanya milipuko maelfu kwa dakika isisikike wala isitetemeshe kiti. Vizazi vya wahandisi vimeishia kwenye kazi hiyo. Nembo ya mbele ya gari ilikuwa cheti cha kwamba hawa wanajua kufanya hivyo kuliko wengine, na aliyetaka kuwafuata angehitaji miaka hamsini na fedha za kutupa.

Halafu ikaja mota ya umeme. Mota haivuti hewa, kwa hiyo Uyole na Kurasini kwake ni sawa. Haina mlipuko wa kunyamazisha. Inatoa nguvu yake yote ya kuzungusha tangu tairi likiwa limesimama, kwa hiyo haihitaji gia nane, moja inatosha. Mota ya gari dogo kabisa la Kichina inapanda mlima kwa utulivu ambao zamani uliulipia silinda sita. Sisemi magari hayo mawili ni sawa. Nasema kile kilichokuwa kigumu kuliko vyote, na kilichouzwa ghali kuliko vyote, sasa kinakuja na gari bure, hata la mnyonge.

Sasa kama mota ni rahisi, ugumu umehamia wapi? Kwenye betri. Na hapo ndipo Wachina walipokuwa wamekaa wakisubiri, hata kama wenyewe hawakujua wanasubiri nini.

BYD, kampuni ya Kichina ya magari ya umeme, haikuanza kama kampuni ya magari. Wang Chuanfu aliianzisha Shenzhen mwaka 1995 kutengeneza betri, zikiwemo za simu. Magari waliingia mwaka 2003. CATL, ambayo leo ndiyo inayotengeneza betri nyingi za magari kuliko kampuni yoyote duniani, ilizaliwa Ningde mwaka 2011 na mizizi yake ni betri hizo hizo za vifaa vidogo. Kwa hiyo kampuni za Ulaya zilipoamka na kutaka betri, ziliwakuta hawa jamaa wameshaungua vidole na kupona.

Kuna aina mbili za betri unazopaswa kuzitofautisha kabla hujatoa hela. Moja inatumia nikeli, manganizi na kobalti. Inabeba umeme mwingi kwa uzito mdogo, ndiyo maana magari ya kifahari ya Ulaya yaliipenda, lakini nikeli na kobalti ni ghali. Nyingine inatumia chuma na fosfeti. Hii iligunduliwa Texas miaka ya 1990 katika maabara ya John Goodenough, yule aliyepata Nobeli mwaka 2019 kwa kazi ya betri za lithiamu. Wengi waliiona nzito. Wachina wakaing'ang'ania: malighafi ni rahisi, inavumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi, na haishiki moto kirahisi. Mwaka 2020 BYD wakatoa betri yao ya seli ndefu bapa kama upanga, zinazopangwa moja kwa moja ndani ya kasha la betri bila vijiboksi vya katikati, na sehemu kubwa ya lile tatizo la nafasi ikaondoka. Mimi ningekuwa nanunua gari la kukaa nalo miaka kumi barabara za huku, ningechukua ya chuma bila kufikiri mara mbili.

Bei inatokana na hapo, na pia na kufanya kila kitu chini ya paa moja. Mwaka 2023 wachambuzi wa benki ya UBS walilifungua gari la BYD aina ya Seal, nati kwa nati, wakakuta karibu robo tatu ya vifaa vimetengenezwa na kampuni yenyewe. Kwa wenzao wa Ulaya kila kontrol boksi, yaani kompyuta ndogo ya gari, ina mtengenezaji wake, na kila mtengenezaji ana faida yake. Nimewahi kufungua mlango wa gari moja la kifahari nikakuta boksi yake ya kompyuta, kiti kina yake, taa zina yake, na zote zinapigiana simu kupitia nyaya mbili nyembamba. Moja ikiugua, zote zinalalamika, na mteja anadhani fundi ndiye kamharibia.

Matokeo mmeyaona. Porsche waliuza China magari 95,671 mwaka 2021. Mwaka 2024 yakawa 56,887. Machi 2024 Xiaomi, hao hao wa simu tunazonunua soko la Mwanjelwa, walitoa gari lao la SU7 linalofanana kwa umbo na Porsche Taycan, bei ikianzia yuan 215,900. Taycan nchini humo ilikuwa inauzwa zaidi ya mara tatu ya hiyo. Audi walianzisha China chapa mpya pamoja na kampuni ya Kichina ya SAIC, wakaondoa zile pete nne za nembo yao mbele ya gari. Pete nne! Volkswagen walinunua hisa za kampuni ya Kichina ya Xpeng mwaka 2023 ili wapate teknolojia yao. Umoja wa Ulaya nao, Oktoba 2024, uliongeza ushuru kwa magari ya umeme yanayotoka China, asilimia 17 kwa BYD na 35.3 kwa SAIC, juu ya ile 10 ya kawaida.

Wazungu si wajinga. Usukani wao, breki zao kwenye mwendo mkali, namna gari linavyotulia kwenye kona, bado ni shule. Ila niambie, kati ya Igawa na Mbeya, penye malori na matuta na trafiki, hiyo shule ya kilomita 200 kwa saa utaifanyia wapi?

Turudi nyumbani. Mzee aliniuliza habari ya mlima, na hapa watu wanadanganyana sana. Wengine wanasema gari la umeme likiteremka linajichaji, kwa hiyo mlima ni faida. Fanya hesabu. Gari la tani 1.6 likishuka kutoka Tukuyu hadi Kyela linapoteza kimo cha kama mita 1,000. Nguvu iliyomo kwenye kushuka huko ni uniti 4 na ushei za umeme, basi. Safari yenyewe ya kilomita hamsini na kitu, ingekuwa tambarare, ingekula kama uniti 8. Kwa hiyo ukishuka utatumia kama 4 au 5, na ukirudi utatumia 12 au 13. Mlima haukupi zawadi, ila unakurudishia sehemu ya deni, jambo ambalo gari la petroli halifanyi kabisa. Lenyewe linaigeuza nguvu hiyo kuwa harufu ya breki. Aliyeteremka mlima Kitonga nyuma ya lori anaijua harufu hiyo.

Na angalizo ambalo sijaona muuzaji akilitaja: ukiondoka Tukuyu betri ikiwa imejaa asilimia 100, umeme wa kuteremkia hauna pa kuingia. Gari litaacha kujizuia kwa mota, utabaki na breki za kawaida tu. Anayeishi juu ya mlima aache nafasi kidogo. Betri ya chuma inataka ijazwe mpaka juu mara moja kwa wiki hivi ili kompyuta ijue vizuri kiasi kilichobaki, basi ijaze siku ambayo asubuhi yake huteremki.

Gharama ya kuendesha ndiyo inayowafurahisha watu, na hapo hawajakosea. Tufanye petroli lita moja ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, na gari lako linakwenda kilomita 10 kwa lita kwa milima yetu. Kilomita 100 ni 30,000. Gari la umeme la ukubwa huo litakula uniti kama 18 ukihesabu na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Kwa shilingi 356 kwa uniti moja ya luku ya kawaida, ni kama 6,400.

Ila utachaji wapi? Nyumbani, kwa soketi ya kawaida ya ampea 10, betri ya uniti 50 itachukua karibu siku nzima, mchana na usiku. Ukitaka ijae usiku mmoja, vuta waya mnene wa ampea 32 kutoka kwenye mita. Kabla ya hapo, pima ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Nyumba nyingi huku zina ethi ya jina tu, chuma kimechomekwa futi mbili kwenye udongo mkavu. Friji haijali. Gari la umeme linajali: likikosa ethi linakataa kuchaji, na mwenye nyumba anaanza kulitukana gari. Safari ya Dar nisingeianza leo nikitegemea kituo cha njiani. Mbeya kwenda Tunduma na kurudi, Tukuyu, Chunya, hata Makambako ukiwa na pa kuchaji ukifika, naona sawa.

Kuhusu mafundi, nitasema kifupi: waya wa rangi ya chungwa usiguswe na mtu ambaye hajafundishwa. Ni volti 400 hivi za umeme wa moja kwa moja (DC), hazina mzaha, zinaua.

Kitu cha mwisho nilichomwomba mzee ni picha mbili. Ya ndani, na ya pale pa kuchomekea chaji.

Zilikuja juzi. Usukani uko kushoto. Mahali pa chaji pana matundu mawili yaliyoachana, moja la pini saba na jingine la pini tisa. Hiyo ni soketi ya soko la ndani la China. Ya Ulaya ni moja iliyoungana, pini saba juu na mbili nene chini. Ile ndogo ya Kichina ukiiangalia haraka utadhani ni ya Ulaya, lakini dume na jike vimebadilishana, haviingiliani. Maana yake gari lile lilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa Guangzhou, skrini yake itaongea Kichina, na kompyuta yake itatafuta mtandao wa huko kwao. Baadhi ya viwanda vya huko vimeshafungwa kwa vita vya bei. WM Motor waliomba ulinzi wa mahakama mwaka 2023, HiPhi wakasimamisha uzalishaji mapema 2024. Gari la kampuni iliyokufa lina shida ambayo spana haiitibu.

Nikampigia. "Mzee shikamoo. Mwambie kijana aachane na hilo. Atafute lililotengenezwa kwa ajili ya Thailand au Uingereza. Wenzetu wale wanaendesha kushoto kama sisi, usukani utakuwa kulia. Kisha atume picha ya soketi kabla ya kulipa hata senti."

"Marahaba. Ndaga fijo, asante sana, fundi. Litachukua muda gani kufika?"

Nikamwambia miezi, si wiki.

"Basi hilo la zamani ng'oa hizo shokapu za hewa, nifungie springi za kawaida. Maparachichi hayawezi kusubiri Thailand."