Mnakula asilimia ngapi?

Swali hili nimeulizwa kwenye bajaji, nimeulizwa msibani, na juzi kaniuliza mheshimiwa mmoja mbele ya kikundi kizima cha akina mama wa mawese. "Katika kila shilingi mia mnayoletewa, nyie wa ofisini mnakula ngapi?" Akina mama wakacheka, na mimi nikacheka, maana ningefanyaje. Lakini safari hii nimechoka, kwa hiyo naandika.

Kwanza tuondoe yaliyo mepesi. Mimi ni afisa ruzuku kwenye taasisi ndogo ya jamii hapa Kigoma. Tunachangisha kwa wafanyabiashara wa hapa, kwa wana-Kigoma walioko Dar, na kwa wafadhili wa nje, halafu tunatoa ruzuku ndogo kwa vikundi. Hatukopeshi. Ile asilimia 10 ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) ni mkopo wa serikali, na hauhusiani na sisi. TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, si sisi. Na gari jeupe lenye antena ndefu si letu. Tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, mtu wa mkoa huu ukimwambia unafanya kazi kwenye shirika anaona gari hilo tu. Sisi tunapanda boda.

Mishahara yetu ni ya kawaida, ina kodi, ina NSSF asilimia 20, nusu ikitoka kwa mwajiri. Kila mwaka Msajili wa mashirika anapelekewa taarifa ya kazi pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Basi.

Sasa kwenye asilimia yenyewe, maana hapo ndipo watu wenye akili zao, wasomi kabisa, wanapotea.

Gharama ya kutoa ruzuku inakwenda kwa faili, haiendi kwa shilingi. Chukua kikundi kilichoomba milioni 2. Kabla hela haijatoka, mtu asome andiko la maombi, aangalie cheti cha usajili na katiba, ahakikishe akaunti ni ya kikundi na si ya mwenyekiti, afike awaone wanachama wenyewe. Ikishatoka, mtu afuatilie manunuzi, akusanye risiti, asome taarifa, arudi kuangalia. Sasa chukua shirika lililoomba milioni 200: orodha inabaki karibu ile ile. Tuseme kazi ya faili moja, ukijumlisha nauli na siku za mtu, ni laki 5. Kwa milioni 200 hiyo ni robo ya asilimia moja. Kwa milioni 2 ni asilimia 25. Mtu ni yule yule, vumbi la njiani ni lile lile, ila huku anaitwa mtaalamu na huku anaitwa mwizi.

Kwa hiyo ukitaka asilimia yetu ishuke, dawa ipo na tunaijua. Tuache vikundi vya milioni 2, tumtafute mkubwa mmoja mwenye ofisi ya vigae na jenereta, tumpe zote. Taarifa ya mwaka itapendeza mno. Wafadhili watatupongeza. Na akina mama waliokuwa wanamcheka afisa ruzuku watatafuta mtu mwingine wa kuwapa milioni 2, na hawatampata, kwa sababu mashirika makubwa yanazikimbia fedha ndogo kama hizo kwa hesabu hii hii niliyoieleza.

Ngoja niwaonyeshe siku moja ya hiyo "kula". Mashine ya kukamua mawese haiuzwi dukani kama redio. Inachomelewa na fundi kwenye karakana, kwa bomba na vyuma alivyookoteza. Fundi huyu ni mdogo, hana EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Anakata risiti ya mkono kwenye kitabu chenye kaboni: "mashine 1", jumla, saini inayofanana na ndoano. Haina jina la kikundi wala tarehe. Miezi kadhaa baadaye mkaguzi anakuja, anainua ile karatasi kwa vidole viwili, anauliza: "Hii ni mashine ya nini?" Kwa hiyo kabla mkaguzi hajafika, mhasibu wetu lazima aende karakana, ajaze hati ya malipo, apate jina kamili la fundi na namba ya simu, amsainishe, amsainishe na mweka hazina wa kikundi, kisha aende kijijini kupiga picha mashine ikiwa inafanya kazi. Mara nyingi mweka hazina yuko shamba, anasubiriwa. Jua linazama. Ile siku ndiyo iko kwenye mstari wa "utawala" ambao watu wanataka tuufute.

Na wafadhili wengine wanauamini uongo huo huo, kwamba utawala ni kula, kwa Kiingereza kizuri zaidi. Wanalipia mafunzo, wanalipia mashine, hawalipii mhasibu. Halafu wanataka hesabu ambazo mhasibu ndiye anayeziandaa.

Kuna pia suala la fungu. Mtu akisikia tuna milioni 60 benki anashangaa kwa nini hatukusaidia shule iliyoezuliwa na upepo. Ndugu yangu, zile milioni zina mwenyewe: zimeandikiwa mkataba wa kusindika mawese, na kuzihamishia kwenye mabati ni kosa hata kama moyo unauma. Taasisi ya kwanza ya aina hii, ile ya Cleveland kule Marekani mwaka 1914, ilianzishwa na mwanasheria aliyekuwa mkuu wa benki, Frederick Goff, aliyesumbuliwa na jambo hilo hilo: hela za marehemu zilizofungwa kwa masharti yasiyo na maana tena. Dawa yake ilikuwa mfuko wa kudumu wenye kamati ya wenyeji inayoweza kubadilisha matumizi mahitaji yakibadilika. Sisi mfuko wa kudumu hatuna. Tunaishi kwa mkataba hadi mkataba.

Faida ya kuwa na watu wa hapa? Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kikundi cha kukausha dagaa kilichoahidi mauzo ya Juni kinaonekana kimeshindwa, mtu wa Dar akikiangalia kwenye jedwali. Anayekaa hapa anajua chanja zilikuwa tupu kwa amri, anaandika barua ya kuomba muda. Barua nusu ukurasa.

Lakini nisijifanye tumemaliza kila kitu. Kuna mambo yananikosesha usingizi, na hayamo kwenye vipeperushi vyetu. La kwanza, andiko. Kikundi chenye mwalimu mstaafu kinaandika vizuri, kinapata. Kisicho naye kinakosa, na sina hakika tunachagua hitaji au mwandiko. Tunaruhusu watu waje waeleze kwa mdomo, ila hata hapo mwenye ulimi mwepesi anatangulia. La pili ni gumu zaidi: tunapenda vikundi vyenye mweka hazina mkali na daftari safi. Vinafanikiwa, tunajisifu. Je, visingefanikiwa bila sisi? Sijui namna ya kulijibu hilo kwa bajeti tuliyo nayo. La tatu ni ziara zetu. Tukifika, wanaacha kazi, wanapanga viti, wananunua soda ambazo tumewakataza kununua. Gharama hiyo haimo kwenye asilimia ya mtu yeyote, na inalipwa na mlengwa.

Hayo niulize, nitakaa chini tuzungumze hadi usiku.

Hesabu zetu zilizokaguliwa ziko mapokezini, faili la bluu. Huhitaji barua wala kujuana na mtu. Ukifika, usianzie ukurasa wa mishahara. Anzia orodha ya vikundi, hesabu vilivyopata chini ya milioni 3, angalia viko kata zipi na nauli ya kufika huko ni kiasi gani. Ndipo urudi kwenye mishahara, na kama bado una swali, mimi nakaa chumba cha pili kushoto.