Kwenye bwawa la Monet, tazama brashi imeelekea wapi

Ninapowafundisha wanafunzi kusoma picha za bwawa za mchoraji Mfaransa Claude Monet, swali la kwanza huwa: mti uko wapi? Ni swali zuri. Katika turubai alizochora 1907, zile zilizosimama wima, hakuna ukingo wala shina hata moja. Miti na anga vyote vimo majini, vichwa chini. Kijani kizito cha pande mbili ni taswira ya miti. Mkondo wa mwanga unaoshuka katikati ni anga iliyopenya kati yake.

Sasa tazama brashi. Taswira ya miti ameishusha kwa mistari mirefu ya wima. Mayungiyungi, maua yanayoelea juu ya maji, ameyalaza kwa miguso mifupi ya mlalo. Tofauti hiyo ndiyo inayobeba picha nzima: mlalo unatandaza uso wa maji, wima unafungua kina chini yake. Chukua nakala yoyote iliyochapishwa, uyafunike mayungiyungi kwa vidole. Maji yanatoweka papo hapo, unabaki na ukungu wa rangi.

Bwawa lenyewe alilitengeneza. Mwaka 1893 alinunua kiwanja ng'ambo ya reli, kijijini Giverny, Ufaransa, akachepusha maji ya tawi la mto Epte. Majirani walipinga, wakihofia mimea yake ya kigeni itawaharibia maji. Baadaye aliajiri mtunza bustani wa kulisafisha bwawa, na hata barabara ya karibu akaigharamia lami ili vumbi lisitue juu ya mayungiyungi. Wengi husimulia haya kama makuu ya mtu mwenye pesa. Sikubaliani nao kabisa: maji yenye utando wa vumbi hayaakisi, na mwakisiko ndio aliokuwa akiuchora.

Jambo jingine ni giza. Mwanga wa anga ukiakisiwa majini, huficha kilicho chini. Pale taswira ya mti inapouzuia, jicho huzama ndani. Kwa hiyo sehemu za giza ndizo zenye kina, na Monet hakuzipaka kizembe. Katika barua ya 1905 alizitaja rangi zake: nyeupe ya risasi, manjano ya kadmiamu, nyekundu mbili, buluu ya kobalti na kijani cha zumaridi. Nyeusi haimo. Ukipata nafasi ya kusimama mbele ya turubai halisi, anzia hapo penye giza, usogee karibu, uzitafute rangi moja moja kabla hujayatazama maua.