Waliohamia magharibi mwa Marekani walikufa kwa nini?

Wengi huamini kwamba familia za wakulima zilizohamia magharibi mwa Marekani katika karne ya 19 ziliangamia njiani hasa kwa mishale ya wenyeji wa asili. Sinema zimeikoleza sana picha hiyo, kwa hiyo si ajabu imeota mizizi.

Mashambulizi yalikuwepo. Lakini kati ya 1840 na 1860 yaliua wasafiri mia chache tu, katika njia zilizopitiwa na mamia ya maelfu. Muuaji mkuu alikuwa maradhi, hasa kipindupindu, kilichoenezwa na maji machafu ya kambini. Wengine walizama mitoni, wakapitiwa na magurudumu ya magari yao ya kukokotwa na wanyama au wakajipiga risasi kwa bahati mbaya. Wenyeji, mara nyingi, waliwauzia chakula na kuwavusha mito. 

Ukitaka kuhakiki, soma shajara za wasafiri. Nyingi zinapatikana bure mtandaoni. Tazama kwanza kama ziliandikwa njiani au uzeeni: simulizi za uzeeni mara nyingi huongeza mapigano.