Kubadilishana ardhi: maana yake katika mazungumzo ya Israel na Palestina

Uingereza ilipoitambua Palestina kuwa dola tarehe 21 Septemba 2025, ilisema mipaka inayoitambua ni ya muda: inafuata mistari ya 1967, ina kubadilishana ardhi kwa usawa, na itakamilishwa kwenye mazungumzo. Maneno hayo, kubadilishana ardhi, yamekuwa yakijirudia katika karibu kila pendekezo la dola mbili, Israel na Palestina zikiwa jirani, kwa miaka 25 sasa. Wengi huyapita haraka kana kwamba ni kazi ya wapima ardhi. Kumbe ndipo mzigo wote ulipo.

Maana yake ni hii. Israel inabaki na vipande vya Ukingo wa Magharibi, eneo la Wapalestina ililoliteka mwaka 1967, ambako makazi ya walowezi (Waisraeli waliohamia humo) yamesongamana karibu na mpaka wa zamani, na badala yake inaikatia Palestina vipande kutoka ndani ya Israel yenyewe. Mpaka unasogea, jumla haibadiliki. Aliyewahi kusuluhisha kesi ya shamba ataelewa: jirani kajenga ndani ya eneo lako, kubomoa ni vita, basi anakukatia upande wa pili. Na mzee yeyote wa baraza ataanza na maswali yale yale. Tunapima kutoka kigingi kipi? Ekari ninayopewa ni ya bondeni au ya mawe? Njia ya kufikia shamba langu itapita wapi?

Kigingi

Kigingi ni Mstari wa Kijani, yaani mstari wa kusitisha mapigano wa 1949. Mkataba wa Israel na Jordan wa tarehe 3 Aprili mwaka huo ulisema wazi kwamba mstari hauamui madai ya mwisho ya upande wowote, na jina lake limetokana na rangi ya kalamu tu. Ndani ya Jerusalem makamanda wawili, Moshe Dayan wa Israel na Abdullah al-Tal wa Jordan, walikuwa wamechora mistari yao Novemba 1948 kwa kalamu nene, juu ya ramani ya kipimo cha 1:20,000. Katika ramani hiyo milimita 3 ni mita 60 ardhini, kwa hiyo kuna nyumba zilizobaki chini ya unene wa kalamu. Anayesema "mipaka ya 1967" anamaanisha mstari huohuo, kama ulivyokuwa tarehe 4 Juni 1967, siku moja kabla ya vita.

Mlango wa kuusogeza ulifunguliwa na Azimio 242 la Baraza la Usalama, la tarehe 22 Novemba 1967. Kwa Kiingereza linaitaka Israel iondoke katika maeneo iliyoyateka, bila lile neno dogo la kubainisha, "the", ambalo lingemaanisha maeneo yote. Kwa Kifaransa neno hilo limo. Kiswahili hakina neno la namna hiyo, ndiyo maana tafsiri zetu za azimio hili huuficha ugomvi wenyewe. Israel imeshikilia Kiingereza tangu siku ile, Waarabu Kifaransa. Kubadilishana ardhi kunawapa wote pa kupita: Israel haiondoki kila mahali, na Wapalestina hawapungukiwi eneo.

Kutopungukiwa huko si ubahili. Ukingo wa Magharibi na Gaza ni takriban asilimia 22 ya Palestina iliyotawaliwa na Uingereza hadi 1948. PLO, shirika la ukombozi wa Palestina, ilipoukubali msingi huo mwaka 1988, kisha ikaitambua Israel rasmi mwaka 1993, kwa hesabu yake ilikuwa imekwisha kuachia asilimia 78. Mtu anayeambiwa tena alegeze kidogo anauliza kidogo hicho kinakatwa kwenye lipi.

Asilimia ya nini?

Hapa ndipo wasomaji wengi wa habari wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Wapalestina wanauhesabu Ukingo wa Magharibi kuwa kilomita za mraba 5,854. Israel ilitoa ndani yake kilomita 71 za Jerusalem Mashariki, 50 za eneo lisilo la mtu karibu na Latrun, na 195 za maji ya Bahari ya Chumvi. Zikabaki 5,538. Sasa chukua pendekezo la mazungumzo ya Camp David, Marekani, la Julai 2000, ambalo Waisraeli walilieleza kuwa takriban asilimia 91. Asilimia 91 ya 5,538 ni kama 5,040, na 5,040 ni asilimia 86 tu ya 5,854. Waziri mkuu wa Israel Ehud Barak na kiongozi wa Wapalestina Yasser Arafat wangeweza kutoka chumba kimoja, kila mmoja akataja namba yake, na wote wawili wakawa wakweli.

Ukisoma pendekezo lolote, basi, tafuta kwanza limegawanya kwa ngapi. Baada ya hapo linganisha. Vigezo alivyovisoma rais wa Marekani Bill Clinton tarehe 23 Desemba 2000 vilitaka Palestina ipate kati ya asilimia 94 na 96 ya Ukingo wa Magharibi, ifidiwe ardhi ya asilimia 1 hadi 3, na asilimia 80 ya walowezi wabaki upande wa Israel. Fidia hiyo haikuwa lazima ilingane na kilichochukuliwa. Usawa wa moja kwa moja uliandikwa katika Mapatano ya Geneva ya Desemba 2003, waraka usio wa serikali ulioongozwa na Mwisraeli Yossi Beilin na Mpalestina Yasser Abed Rabbo, uliobadilisha kama asilimia 2 tu.

Mwaka 2008 ndipo pande mbili zilipokaribiana zaidi. Waziri mkuu wa Israel Ehud Olmert alitaka kubaki na asilimia 6.3, akatoa 5.8, na pengo alilijaza kwa njia ya kuunganisha Gaza na Ukingo wa Magharibi. Rais wa Wapalestina Mahmoud Abbas alikuwa tayari kwa asilimia 1.9, kipande kwa kipande. Tarehe 16 Septemba Olmert alimwonyesha ramani lakini hakumwachia nakala, na Abbas akaichora upya kwa mkono kutokana na kumbukumbu. Siku chache baadaye Olmert, akiandamwa na uchunguzi wa rushwa, alijiuzulu. Asilimia 6.3 inaonekana ndogo mpaka uibadilishe iwe ardhi: kwa kipimo cha Wapalestina, ni kama kilomita za mraba 369. Ukanda wa Gaza mzima una 365.

Umbo la kipande

Asilimia haisemi kipande kimekaaje. Modi'in Illit na Beitar Illit, miji miwili ya Wayahudi wa madhehebu makali ambayo ndiyo makazi yenye watu wengi zaidi, imeuegemea Mstari wa Kijani. Kuihamishia Israel hakuleti taabu kubwa. Ariel ni habari nyingine. Mji huo una watu kama 20,000 lakini uko karibu kilomita 20 ndani, na kuuchukua ni kuchora kidole kirefu katikati ya vijiji vya Wapalestina kaskazini mwa Ramallah, juu ya mwamba wenye maji ya chini ya ardhi yanayogombaniwa. Ramani ya Geneva iliuacha Palestina. Ya Olmert iliuchukua. Sehemu kubwa ya tofauti ya namba zao imejificha kwenye vidole vya namna hii.

Mfano mkali zaidi ni E1, kipande cha kilomita za mraba 12 kati ya Jerusalem na Ma'ale Adumim, mji wa walowezi. Hiyo ni asilimia 0.2 ya Ukingo wa Magharibi. Agosti 2025 mamlaka ya mipango ya Israel iliidhinisha nyumba takriban 3,400 hapo. Zikijengwa zikajaa, Jerusalem Mashariki inatengwa na sehemu nyingine za Ukingo wa Magharibi, na anayetoka Ramallah kwenda Bethlehem anabaki na barabara ya kuzunguka au handaki. Hakuna ardhi ya jangwani inayoweza kufidia hilo hata ikiwa mara kumi.

Israel itakata wapi?

Vipande vinavyotajwa mara kwa mara ni vinne: mashamba yanayopakana na Gaza, bonde la Beit She'an, maeneo ya kusini-magharibi mwa Hebron, na jangwa la Yudea. Beit She'an ni ardhi nzuri, ina kilimo, na wenyewe hawataki kusikia. Jangwa la Yudea halina ubishi mkubwa kwa sababu halina mengi. Ndiyo maana Wapalestina husisitiza ulingano wa ubora pamoja na wa ukubwa. Neno "usawa" peke yake haliwatoshi.

Mashamba ya pembeni mwa Gaza yalikuwa na mantiki nzuri kwenye karatasi: Gaza imebanana kupita kiasi, na ukanda wa kilomita chache ungeipa nafasi ya kupumua. Lakini hayo ni maeneo ya kibbutz, vijiji vya ushirika vya Israel, zilizoshambuliwa na Hamas tarehe 7 Oktoba 2023, siku ambayo watu wapatao 1,200 waliuawa nchini Israel. Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo katika kibbutz za hapo walikuwa miongoni mwa waliokufa. Vita vilivyofuata viliua makumi ya maelfu ya watu Gaza. Leo mwanasiasa wa Israel anayependekeza kukata ardhi ya hapo hana wa kumsikiliza, na tangu kusitishwa kwa mapigano Oktoba 2025 mstari umesogea kinyume kabisa: jeshi la Israel limebaki ndani ya zaidi ya nusu ya Ukanda.

Kuna pendekezo jingine ambalo huvaa nguo za kubadilishana ardhi, nalo ni kuhamisha mpaka ili Umm al-Fahm na miji mingine ya Waarabu raia wa Israel iangukie Palestina. Mwanasiasa wa Israel Avigdor Lieberman amelipigia debe kwa miaka mingi, na mpango wa Donald Trump wa Januari 2020 uliliweka kama jambo la kufikiriwa. Huko ni kubadilishana watu. Wakazi wa miji hiyo wenyewe wamelikataa, kwa kuwa hakuna anayekubali uraia wake uvuliwe kwa kalamu akiwa amelala nyumbani kwake.

Na njia? Kati ya Gaza na Ukingo wa Magharibi kuna kilomita kama 40. Ikiwa ardhi ya njia inabaki chini ya mamlaka ya Israel na Wapalestina wanaitumia tu, je, ihesabiwe kama ardhi iliyotolewa? Olmert aliihesabu. Mimi naona hesabu hiyo ni dhaifu: njia ya kupita ambayo mwenye ardhi anaweza kuifunga asubuhi moja haiwezi kuwa sawa na ekari ulizokabidhiwa.

Nani anasaini

Sheria ya Msingi ya Kura ya Maoni, iliyopitishwa na Knesset, bunge la Israel, tarehe 12 Machi 2014, inasema ardhi ambayo Israel imeitangaza kuwa chini ya sheria yake haitolewi ila kwa kura za wabunge 80 kati ya 120, au kwa wabunge wengi kisha kura ya maoni ya wananchi. Ukingo wa Magharibi wenyewe haumo, maana haukuunganishwa rasmi. Jerusalem Mashariki imo. Na ardhi ya fidia, kwa kuwa inatoka ndani ya Israel, imo pia. Kwa hiyo kisheria serikali inaweza kuondoka Hebron, mji wa Ukingo wa Magharibi, kwa urahisi kuliko inavyoweza kutoa shamba la Beit She'an. Mpango wowote wa kubadilishana ardhi umefungwa hapo tangu 2014.

Upande wa pili una tatizo la aina yake. Wapalestina hawajachagua bunge tangu 2006 wala rais tangu 2005, na Gaza na Ukingo wa Magharibi ziliachana kisiasa Juni 2007. Waraka wa Hamas wa 2017 ulitaja dola kwenye mistari ya 4 Juni 1967 kama fomula ya makubaliano ya kitaifa, bila kuitambua Israel. Kubadilishana ardhi hakumo.

Wanaobaki nje ya vipande

Mwaka 1993 walowezi wa Ukingo wa Magharibi, bila kuhesabu Jerusalem Mashariki, walikuwa kama 110,000. Sasa wamepita 500,000. Hata ramani inayobakiza asilimia 80 upande wa Israel inawaacha zaidi ya laki moja katika makazi ya ndani kama Ofra na Beit El, kwenye mgongo wa milima. Mwaka 2005 Israel iliwaondoa walowezi wapatao 8,000 kutoka makazi 21 ya Gaza na ikahitaji maelfu ya askari na polisi. Kwa maoni yangu hii ndiyo gharama halisi ya dhana hii: kilomita zinapatikana, lakini hakuna serikali ya Israel iliyo tayari kuwaondoa watu mara kumi ya wale wa 2005.

Ndiyo maana njia za pembeni zimetafutwa. Moja ni kukodisha. Katika mkataba wa amani na Israel wa 1994 Jordan ilirudishiwa Baqura na Ghamr, vipande viwili vya mpakani, wakulima wa Israel wakaruhusiwa kuendelea kulima kwa miaka 25. Muda ulipokwisha Mfalme Abdullah II alikataa kuongeza, na tarehe 10 Novemba 2019 wakulima wakafungiwa lango. Kwa Jordan huo ni ushahidi kwamba mkataba hufanya kazi. Walowezi nao wanaona ushahidi wa kutokubali kamwe kukodishiwa.

Nyingine ni pendekezo la shirikisho la Israel na Palestina lililotolewa mwaka 2022 na Beilin pamoja na mwanasheria Mpalestina Hiba Husseini. Linabakiza kubadilishana ardhi kwa makazi ya mpakani, ila mlowezi wa ndani anachagua: arudi Israel, au abaki alipo kama mkazi wa kudumu wa Palestina mwenye uraia wa Israel. Idadi sawa ya raia wa Palestina nao wanaruhusiwa kuishi Israel kwa masharti hayohayo. Swali lake ni la usiku wa manane. Mtu wa Ofra akiibiwa gari, anampigia polisi wa nani? Waandishi wa pendekezo wanajibu: wa Palestina.