Miyawaki hakuanza na jembe

Kila mvua zinapokaribia, ofisi yetu hupokea maombi ya miche kwa ajili ya "msitu wa Miyawaki", yaani msitu wa miti ya asili ya mahali, ya aina mchanganyiko, inayopandwa kwa kubanana. Tunayapokea kwa furaha. Tatizo ni kwamba wengi wameshika jambo moja tu, kubananisha miche, na wapo wanaoagiza mikaratusi mitupu. Huo si msitu wa Miyawaki, hata ukibananishwa vipi.

Akira Miyawaki (1928–2021), mtaalamu wa mimea kutoka mkoa wa Okayama, Japani, alikwenda Ujerumani mwaka 1958 kusoma kwa Reinhold Tüxen, mtaalamu wa uoto wa huko. Huko alijifunza kuuliza: hapa pangeota nini kama mkono wa binadamu ungeondoka? Aliporudi kwao, jibu alilikuta kwenye visitu vya mahekalu ya Shinto, ambavyo wanakijiji walikuwa wakiviheshimu kizazi hadi kizazi. Humo ilisalia miti ya asili yenye majani mapana, ilhali milima ya jirani ilikuwa imepandwa misugi na mihinoki, miti ya Kijapani ya mbao. Yeye na wenzake waliuandika uoto wa Japani nzima katika majuzuu 10, na alipoanza kupanda misitu kuzunguka viwanda vya chuma miaka ya 1970, tayari alikuwa amezunguka nchi kwa miaka mingi akiorodhesha mimea.

Kwa hiyo orodha ya mimea ya asili ndiyo hatua ya kwanza, na ndiyo inayorukwa. Mbegu ziokotwe kwenye miti mama ya asili iliyo karibu. Miche ikae kwenye viriba mpaka mizizi ijae. Udongo utifuliwe na kuchanganywa na samadi au mboji. Ipandwe mitatu hivi kwa mita moja ya mraba, aina zikichanganywa, bila mistari, kisha yawekwe matandazo. Palizi ni ya miaka miwili au mitatu. Baada ya hapo msitu hujilea.

Tunakumbusha: kuokota mbegu au kung'oa miche ndani ya hifadhi ya msitu kunahitaji kibali cha maandishi, na kibali hutangulia kazi. Asiye nacho anaweza kushtakiwa, na alichokusanya kikataifishwa. Kusema "ni kwa ajili ya kampeni ya kupanda miti" hakufuti kosa.

Na wanaotaka kugeuza mbuga ya nyasi kuwa msitu, tafadhali wajiulize kwanza swali la Tüxen. Mahali pengine jibu lake ni nyasi.